Prado ya Mzae Ilinigomea Gilgil Usiku: Kabla Uuziwe Alteneta, Soma Hii

Ilikuwa Ijumaa saa mbili usiku, kwa peto moja pale Gilgil. Ndani ya gari kulikuwa na mathe, siz yangu, mtoi wake wa miezi minane, na vitu za kupeleka ushago zimejaa hadi kwa dirisha. Nilikuwa nimezima injini dakika tano tu, nijaziwe mafuta. Kurudi, nageuza ufunguo, nasikia “tak”. Moja tu. Taa za dashibodi zinawaka fiti, redio inaimba kama kawa, lakini injini haizunguki hata robo. Nikajaribu tena. Tak. Mathe akaniangalia tu, hakusema kitu, na hapo ndio nilijua niko kwa shida.

Gari yenyewe ni Prado ya 1999, ile ya J90 iliyotoka kati ya 1996 na 2002, injini ya petroli ya 3RZ. Mzae aliniachia alipostaafu. Na haikuwa mara ya kwanza kunigomea. Mwezi huo huo nilikuwa nimenunua betri mpya. Haikusaidia. Fundi mmoja wa tao akapima, akasema betri haina makosa, ni alteneta imechoka. Nikanunua alteneta ya ex-Japan, ikafungwa, gari ikaenda siku nne bila shida nikaanza hata kuringa. Sasa tuko Gilgil.

Dere wa lori akajitolea kunijampia. Nilikuwa nimeshafungua boneti, nashukuru Mungu, wakati dere wa matatu aliyekuwa anaweka mafuta kando yetu alipiga nduru: “Wacha! Hiyo ni ishirini na nne!” Kama hukuwa unajua, shika hii kwanza: malori mengi makubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24. Gari yako ni ya 12. Ukiunganisha hizo mbili unaweza kuchoma kompyuta ya injini, redio, balbu na alteneta kwa sekunde chache.

Dere wa matatu akaleta waya zake za jampa. Nyekundu kwa nyekundu. Ule mweusi hakuuweka kwa betri yangu, aliutafutia chuma safi pale kwa injini akaubana. Akaniambia nigeuze. Ikawaka hata kabla nimalize kugeuza.

Mimi nikajiambia betri niliyouziwa ni feki. Kumbe huyo jamaa alikuwa amenionyesha jibu lote na sisi wawili hatukujua. Ilibidi mzee mmoja wa jua kali huko ushago anifafanulie siku mbili baadaye, na ndio maana naandika hii, kwa sababu najua wasee wengi wanaoendesha Prado, X-Trail, Forester, Escudo na RAV4 za zamani wamekula hasara kama yangu, na wengine bado wanaila.

Moto ukitoka lazima urudi

Sisi wote tukisema gari “haina moto” tunafikiria upande mmoja tu, ule waya mwekundu unaotoka kwa betri. Lakini moto wa gari ni kama matatu ya ruti. Ikienda tao lazima irudi mtaani, la sivyo hakuna trip nyingine. Moto unatoka upande wa chanya wa betri, unaingia stata, unafanya kazi, halafu unarudi upande wa hasi. Na kwa gari hakuna waya wa kurudisha kwa kila kitu. Chuma chenyewe, yaani bodi na bloki ya injini, ndio njia ya kurudi. Hiyo ndio mafundi huita athi. Kutoka kwa injini na bodi kuna waya minene michache tu inayorudi kwa betri, na hiyo ndio huoza.

Gari ya miaka ishirini na kitu imepita mvua, vumbi, matope ya ushago na kuoshwa injini kwa presha mara hesabu haijulikani. Shaba ndani ya waya inageuka unga wa kijani. Bolti inashika kutu. Injini inatikisika kila siku na waya unakatika nyuzi moja moja. Kwa nje plastiki inang’aa tu. Huwezi jua kwa macho.

Sasa hapa ndio siri iko. Waya uliooza nusu bado unapitisha moto kidogo. Fundi akija na tesita ya balbu, balbu inawaka, anakuambia “moto iko”. Hadanganyi. Balbu ya tesita inakula chini ya ampea moja. Lakini stata inavuta ampea 150 hadi 200 hivi, na nyingine zaidi. Kuwa na moto ni kitu kimoja, kupitisha moto mwingi ni kitu kingine kabisa. Ni kama mfereji wa keja yako: ukiufungua kidogo unajaza kikombe, lakini jaribu kuoga wakati paipu imeziba.

Hesabu ni rahisi. Ukinzani wa ohmu 0.015, kitu ndogo hivyo, ukipita ampea 200 unakula volti 3. Multimita ya bei ya chini ukiiambia ipime ohmu kwa huo waya itakuonyesha kama uko sawa, kwa sababu haina uwezo wa kuona ukinzani mdogo hivyo. Lakini stata itauona, na itakataa.

Kwa hivyo kitu cha kupima si waya ukiwa umelala. Pima ukiwa kazini.

Ile kipimo cha sekunde tatu

Huyo mzee wa ushago hakufungua kitu. Alichukua multimita, akaiweka volti 20 za DC, ncha moja akaigusisha kwa kichwa cha hasi cha betri, kichwa chenyewe, si ile klampu, na nyingine kwa chuma safi ya injini. Akaniambia, “Kijana, piga stata.” Tak. Akanigeuzia hiyo kitu nione: 3.1.

Kama hiyo njia ya kurudi ingekuwa safi, ingesoma karibu sifuri. Volti 0.2 wakati wa kupiga stata ni sawa. Ikifika 0.5 anza kuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa napoteza volti tatu nzima njiani. Betri ilikuwa na kazi ya kusukuma stata na kusukuma uozo kwa wakati mmoja. Taa na redio zilikuwa zinawaka fiti kwa sababu zina njia yao tofauti, waya mwembamba kutoka betri hadi bodi, na huo ulikuwa mzima. Na pale Gilgil, yule dere alipobana waya wa jampa kwa injini, aliruka huo waya mbovu. Hata betri yangu peke yake ingewasha gari kwa hiyo njia.

Hiyo yenyewe ni njia ya kupima bila multimita. Chukua waya mmoja tu wa jampa, ule mweusi. Bana upande mmoja kwa hasi ya betri yako, mwingine kwa chuma safi ya injini, mbali na feni na mikanda. Washa. Ikizunguka vizuri kuliko kawaida, umepata mwizi.

Fanya kipimo hicho hicho upande wa chanya pia: ncha moja kwa kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwa bolti kubwa ya stata ambapo waya mnene unaingia. Mtu apige stata. Zaidi ya 0.5 hapo, waya au klampu ina shida. Kufika kwa stata ya Prado kunataka mkono mrefu na uvumilivu, kwa hivyo panga na msee mwingine, na hakikisha gari iko kwa P ama nyutro, handibreki juu.

Kama pande zote mbili ni safi, betri iko na nguvu, na bado unasikia “tak” moja ikifuatwa na kimya, sasa unaweza kushuku stata yenyewe. Kwa Toyota nyingi za enzi hiyo zenye stata ya Denso, kinachoishia ni vipande viwili vidogo vya shaba ndani ya solenoidi. Vinaliwa pole pole. Vinabadilishwa bila kununua stata nzima. Uliza fundi wako kama anaweza kubadilisha shaba pekee kabla akutume kwa duka la spea. Akikuangalia kama hujui unasema nini, tafuta mwingine.

Kuna kitu kingine hapa cha kukutisha kidogo. Injini ikikosa njia ya kurudisha moto, itatafuta njia yoyote ya chuma. Kebo ya akseleta ni chuma. Kebo ya gia ni chuma. Moto wa stata ukipita huko, kebo inapata joto, plastiki yake ya ndani inayeyuka, na siku moja akseleta inakwama ikiwa imekanyagwa. Kwa hivyo ukishika kebo ya akseleta baada ya kupiga stata mara kadhaa na uisikie ina joto, usiendeshe hiyo gari mpaka athi itengenezwe.

Multimita, na vile hutaiunguza

Enda Luthuli Avenue. Zile ndogo za dijitali unapata chini ya thao moja, na kwa kazi ya gari zinatosha. Usinunue ya maana kwanza, utaiangusha.

Onyo moja tu. Kwa hizo ndogo kuna shimo limeandikwa 10A, na mara nyingi pembeni limeandikwa kwamba halina fyuzi. Hilo ni la kupima ampea. Ukisahau waya mwekundu hapo halafu uende kupima volti za betri, umefunga betri kwa waya mtupu. Utaona cheche, utasikia harufu, na multimita itakuwa historia. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mahali pake kabla hata ya kujikuna.

Betri kwanza, haraka haraka. Gari ilale usiku, asubuhi kabla ya kufungua kitu pima vichwa vya betri. 12.6 ni imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikifika 12.0 au chini hiyo imeisha, na usianze kulaumu kitu kingine mpaka uichaji. Halafu mtu apige stata ukiwa unaangalia namba: ikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri yenyewe imechoka. Kama namba inabaki juu, 11 na kitu, na stata bado inajikokota, basi shida haiko kwa betri, iko kwa njia. Ni hiyo tu. Hiyo namba moja ingeniokolea pesa ya betri mpya.

Alteneta yangu haikuwa imekufa

Hii bado inaniuma. Fundi wa tao alipima betri injini ikiwa inazunguka, akasoma 13.3 na taa zimewashwa, akasema alteneta ni dhaifu. Kawaida unataka 13.8 hadi 14.5, kwa hivyo namba ilikuwa mbaya kweli. Lakini alipima mahali pamoja tu.

Alteneta imefungwa kwa injini. Moto wake unarudi kwa injini hiyo hiyo na kupitia ule waya wangu wa kijani. Kama angeweka ncha moja kwa bolti ya nyuma ya alteneta na nyingine kwa kifuniko cha alteneta yenyewe, angesoma namba nzuri. Tofauti kati ya alteneta na betri ndio ingemwambia shida iko njiani. Badala yake nikauziwa alteneta ya mtu mwingine aliyeikalia Japani miaka kumi na tano, na yangu nzima ikabaki kwa gereji.

Na kwa nini gari ilienda siku nne? Kwa sababu ili kubadilisha alteneta lazima utoe klampu ya hasi. Akaitoa, akaitikisa, akairudisha akaikaza. Uozo ukasogea kidogo, njia ikafunguka kidogo. Ndio maana gari za zamani hudanganya sana. Kila fundi anayegusa kitu anaonekana ametibu, kwa sababu amegusa waya njiani.

Kabla uuziwe alteneta, angalia pia fyuzi. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kifyuzi kidogo kwa boksi la chini ya boneti kimeandikwa ALT-S. Hicho ndicho kinachomwambia alteneta betri iko wapi. Kikikatika, taa ya betri inaweza kuwaka kwa dashibodi na alteneta haina kosa lolote. Bei yake ni ya chapati chache.

Na kama fundi yeyote anataka “kupima alteneta” kwa kutoa klampu ya betri injini ikiwa inanguruma, mshike mkono. Hiyo ilikuwa mbinu ya magari ya babu zetu. Betri ndio inatuliza moto wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi, na kompyuta ya injini haina moyo wa hivyo.

Gari inalala nzima, inaamka maiti

Hii ni shida tofauti kabisa, na karibu kila mara chanzo ni sisi wenyewe. Alamu iliyofungwa na jamaa wa kando ya barabara. Katauti ya kuzuia wezi. Traka ya saco. Dashikamu. Halafu sabufa, lazima sabufa. Kila moja ikiwa na waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa na tepu nyeusi ambayo joto la dashibodi limeyeyusha gundi yake zamani.

Gari ikiwa imezimwa bado inakula kidogo: saa, kumbukumbu ya redio, alamu. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Kwa betri ya 70Ah hiyo ni 1.2Ah kwa siku, unaweza kuiacha wiki kadhaa. Lakini amplifaya isiyozimika ikila nusu ampea tu, hiyo ni 12Ah kwa siku. Siku ya nne umepoteza 48, umebaki na 22, na hapo stata haizunguki. Ukirudi Jumatatu kutoka trip ya Coast na SGR, unapata jiwe.

Kupima: zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti. Kama mlango lazima ubaki wazi, sukuma loki yake na bisibisi idhani umefungwa, ndio taa ya ndani izime. Weka multimita kwa 10A, legeza klampu ya hasi, na upitishe multimita kati ya klampu na kichwa cha betri. Subiri nusu saa, vitu vingine vinachelewa kulala. Usiguse ufunguo na usipige stata hata kwa bahati mbaya, zile ampea 200 zitapita kwa multimita yako.

Kama inasoma zaidi ya 0.05, anza kutoa fyuzi moja moja huku mtu anaangalia namba. Ikishuka ghafla, umejua mtaa ambao mwizi anaishi. Ukizitoa zote na namba bado iko juu, kuna kitu kimeunganishwa moja kwa moja na betri, na tisa kwa kumi ni kitu kilichoongezwa baadaye. Kama si hicho, shika alteneta saa kadhaa baada ya kupaki. Ikiwa bado na joto wakati injini imepoa kabisa, dayodi zake zinavuja moto. Hapo sasa, ndio, alteneta ina makosa.

Mimi nilipata miliampea 180 zinazoenda kwa alamu ambayo hata rimoti yake ilipotea 2016. Nikaitoa. Hakuna mtu amewahi kuiuliza.

Vitu vidogo vya kukusumbua

Ukiwasha indiketa na taa ya breki ya upande huo inapepesa pia, ama ukikanyaga breki taa za paki zinafifia, usinunue balbu. Athi ya taa hiyo imekufa na moto unarudi kupitia balbu ya jirani. Tafuta bolti ndogo nyuma ya taa, isugue na msasa, paka grisi, rudisha.

Dirisha la dereva linafanya kazi mlango ukiwa wazi nusu na linakataa ukifungwa? Waya umekatika ndani ya ule mpira ulio kati ya mlango na bodi. Hata Prado yenye mlango wa nyuma unaofunguka kando ina shida hiyo: waya zinakunjwa kila ukiweka shopping, miaka ishirini na tano, mpaka zinakatika. Waipa ya nyuma inakufa kwanza, halafu loki. Vuta mpira, angalia. Unganisha na waya laini wa nyuzi nyingi, uchomelee na risasi, ufunike na mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake ni kujidanganya.

Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie mashini ya fundi. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 90 zina kiboksi cheusi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fungua kifuniko, utaona ramani ya majina ndani. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hakikisha ni hizo mbili na si zingine, halafu weka ufunguo kwa ON bila kuwasha. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni kodi 22, sensa ya joto la maji. Mbili halafu moja ni 21, sensa ya oksijeni. Ikipepesa bila kukoma kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Na kodi haisemi “nunua sensa”. Inasema njia ya hiyo sensa ina shida. Anza na plagi yake: ivute, angalia kama kuna kijani, maji, ama panya amepita hapo.

Lakini kuna kitu sitasema haraka, na ni fyuzi. Fyuzi ikikatika, kuna sababu. Nyekundu ni ampea 10, ya buluu ni 15, ya njano ni 20, ya kijani ni 30. Ukiweka ya 30 mahali pa 10 kwa sababu “hii haikatiki”, umeamua waya ndio ukatike badala yake. Waya ukikatika, unakatika kwa moto wa kweli, ndani ya dashibodi, mtoi akiwa nyuma kwa kiti chake. Nimeona fyuzi imefungwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya fegi. Nimeona taa mbili za ziada za wati 100 kila moja zimefungwa kwa swichi ya dashibodi bila rilei. Fanya hesabu: wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17, zinapita kwa waya mwembamba kama tambi. Mwenyewe alikuwa analalamika tu swichi inapata joto.

Ukiweka taa, sabufa ama inveta, moto utoke kwa betri moja kwa moja na fyuzi iwe karibu na betri, si mwisho wa waya huko kwa buti. Waya ukichunika ukipita kwa bodi kabla ya kufika kwa fyuzi, hakuna kitu cha kuusimamisha.

Sasa, Prado. Mzee wa ushago alikata waya mpya kutoka kebo ya weldingi, ile nene yenye nyuzi nyingi, akabana vichwa vya shaba pande zote mbili, akasugua chuma ya injini mpaka ikang’aa, akafunga, akapaka grisi juu. Tukapima tena: 0.1. Tukapima betri injini ikizunguka na taa zimewashwa: 14.2. Akaniitisha soo nane, kazi na waya pamoja. Nikampa thao, akasema asante kijana, salimia mzae.

Kurudi Nairobi Jumapili tulisimama tena Gilgil, peto ile ile. Mathe alikataa nizime injini. Nikazima, nikageuza ufunguo, ikawaka. Akaendelea kula mahindi yake.

Waipa ya nyuma bado haifanyi. Najua ni waya za mlango. Jumamosi.